Blanketi Juu ya Mizani

Mdogo wangu Molupe alikuwa na virusi vya UKIMWI. Alikuwa ameacha dawa kwa miezi saba. Na mimi nilimwambia ni mzima.

Sikubahatisha. Nilimpima. Mizani ilisema kilo sabini na mbili, sawasawa na mwaka uliotangulia. Nikaiandika namba hiyo kwenye nguzo ya mlango wa banda kwa rangi nyekundu. Kila mtu aliiona. Yeye mwenyewe aliiona, akaridhika, na kliniki akaiweka kando.

Naitwa Khopiso. Mimi ni mpimaji katika banda la kunyolea kondoo la Ha Lekhotsa, huku milimani Lesotho. Kila Oktoba wafugaji wanashusha kondoo kutoka malishoni. Wanyoaji wanawanyoa kwa mkasi wa mkono, akina mama wanachambua sufu mezani, na mimi napima. Mwenye kondoo anategemea namba yangu, kwa hiyo kazi hii haitaki mtu wa haraka. Sufu inakuja ndani ya gunia. Kwanza napima gunia tupu, naandika. Kisha napima gunia lililojaa. Kisha natoa uzito wa gunia, inabaki sufu peke yake. Nimefanya hivyo miaka kumi na minne na hakuna aliyewahi kunigombeza.

Molupe ndiye alikuwa mnyoaji wetu bora. Kondoo thelathini na tano kwa siku, na hatoki hata mmoja na jeraha.

Siku ya kwanza ya msimu tuna desturi yetu. Kabla ya gunia la kwanza, wanaume wote wanapanda mizani mmoja mmoja. Mimi nasoma kwa sauti, naandika kwenye nguzo ya mlango. Majina na kilo zipo pale tangu banda lijengwe. Aliyenenepa anachekwa. Aliyepungua anachekwa zaidi, na aliyepungua kuliko wote analeta ndoo ya pombe ya mtama.

Mwaka ule siku ya kwanza ilikuwa na baridi kali. Theluji ilikuwa bado juu ya vilele. Mzee Rampai, mwenye kondoo wengi kuliko sisi wote, alitupa blanketi lake pembeni akapanda wa kwanza.

"Tisini na moja!" nikasoma.

"Mizani imeharibika," akasema.

"Mizani ni nzima, mzee. Kilichoharibika ni mkanda wako."

Watu wakacheka. Wakapanda wengine. Kisha Molupe akapanda. Alikuwa na blanketi, limefungwa kwa pini shingoni, na mabuti ya mpira miguuni.

"Vua blanketi, bwana harusi!" Mzee Rampai akamwambia.

"Nivue nife kwa baridi, kisha mnywe pombe matangani kwangu?"

Wakacheka tena. Na mimi nilicheka. Nikasogeza jiwe la mizani, nikasoma. "Sabini na mbili! Kama mwaka jana."

Molupe alishuka, akanisogelea wakati naandika. Akasema polepole ili wengine wasisikie, "Umeona, kaka? Na dawa sinywi."

Brashi ilisimama mkononi.

"Hunywi tangu lini?"

"Tangu Machi."

Nilijua habari zake. Alipimwa miaka minne nyuma, mkewe alipokuwa na mimba ya Nthati. Wote wawili walikutwa na virusi. Walianza dawa pamoja, kidonge kimoja kila jioni, na mtoto akazaliwa bila virusi. Lakini Januari ya mwaka ule Molupe alivuka mpaka na kikundi cha wanyoaji kwenda mashamba ya Afrika Kusini. Alichukua dawa za miezi miwili. Kazi ikaendelea, shamba hadi shamba, akarudi Agosti.

"Zilipoisha nilisema nikiugua nitarudi nyumbani," akasema. "Sikuugua."

"Na uliporudi, kwa nini hukwenda kliniki?"

"Nifokewe mbele ya watu kama mtoto? Kaka, mgonjwa wa ugonjwa huu anakonda. Tuliwaona akina baba zetu wadogo walivyokwisha. Mimi nimekonda?"

Nikaitazama nguzo. Rangi ilikuwa bado mbichi.

"Hujakonda," nikasema. "Wewe ni mzima."

Mchana wa siku hiyohiyo alikuja Mama Lineo. Yeye ni mhudumu wa afya wa kijiji chetu, mwanamke wa miaka hamsini na kitu. Anatembea na begi mgongoni na fimbo ya kufukuzia mbwa. Alizunguka nyuma ya banda, penye zizi, ambapo mimi na Molupe tulikuwa tunakula.

"Molupe, nina neno na wewe. Tusogee kule."

"Sema tu hapa, mama. Kaka anajua yote."

Alimtazama kwanza, kuhakikisha. Kisha akakaa juu ya jiwe.

"Kliniki hawajakuona tangu Januari."

"Nilikuwa ng'ambo, nanyoa kondoo."

"Kwani huko hakuna kliniki?"

"Ya kondoo ipo, mama. Ya mnyoaji ndiyo sijaiona."

Mama Lineo alicheka, lakini hakuondoka. "Nataka urudi kwenye dawa. Na nataka upimwe CD4."

"Ya nini? Nimepimwa leo. Muulize kaka."

"Kilo sabini na mbili," nikasema. Nilisema kwa fahari.

Mama Lineo akanigeukia. Yeye huniita kwa jina la mwanangu. "Baba Thuso, ukiamka asubuhi ukahesabu kondoo zizini, unajua nini?"

"Najua waliopo."

"Na waliokosekana?"

"Hao wameshaliwa na mbweha."

"Vizuri. Sasa unataka kujua usiku wa leo wataliwa wangapi. Utahesabu kondoo tena?"

Nilifikiri kidogo. "Hapana. Nitatazama mbwa. Nina mbwa wangapi, na wana nguvu gani. Halafu nitazunguka zizi kutafuta nyayo za mbweha."

"Basi tumeelewana. Kilo ni kondoo wa asubuhi. Zikipungua, jua kitu kimeshaliwa. CD4 ni mbwa. Ni chembe za damu zinazolinda mwili. Mtu asiye na virusi kwa kawaida anazo mia tano au zaidi katika tone dogo la damu. Virusi vinaziua taratibu, bila kelele. Kondoo wote wanaweza kuwa bado zizini, wanene, na mbwa wamebaki wawili. Mtu wa namna hiyo anakula, anafanya kazi, anachekesha watu kama Molupe hapa. Lakini sisi tukiona namba yake tunajua kinachomjia. Ikiwa chini ya mia mbili, magonjwa makubwa yanaweza kumwingia wakati wowote. Kifua kikuu. Homa ya uti wa mgongo."

"Na mbweha?" nikauliza.

"Hao ni wingi wa virusi. Kuna kipimo chao pia. Vikiwa vingi, mbwa wanakufa haraka. Kwa anayekunywa dawa, kipimo hicho ndicho kinachoonyesha kama dawa inafanya kazi."

Molupe alijifuta mikono kwenye blanketi. "Mbwa wangu wanabweka sana, mama."

"Umewahesabu?"

Molupe akamwaga makombo ya bakuli lake zizini.

"Kliniki wana mashine ndogo," Mama Lineo akasema. "Unatolewa damu, majibu unapewa siku hiyohiyo. Njoo kesho."

"Kesho nina kondoo wa Mzee Rampai. Nitakuja msimu ukiisha."

"Msimu unaisha Desemba!"

"Basi Desemba."

Mama Lineo akasimama, akanitazama mimi. "Baba Thuso, wewe ndiye mkubwa. Mwambie."

Nilipaswa kumwambia. Lakini magunia yalikuwa yamefika mlangoni, na mnyoaji bora ni huyo mmoja. Halafu nilikuwa na namba yangu. "Mwache, mama," nikasema. "Uzito wake ni mzuri."

Aliondoka bila kuaga.

Wiki mbili zikapita. Molupe akaanza kulalamika kichwa. Alisema ni vumbi la sufu. Kisha akasema ni dawa ya kuogeshea kondoo, harufu yake. Alikuwa anafunga kitambaa kichwani, anakikaza, anaendelea kunyoa. Kondoo thelathini na tano wakawa thelathini. Wakawa ishirini na wanne.

Wiki ya nne, siku ya Jumanne, alimkata kondoo. Jike la Mzee Rampai, ubavuni, jeraha refu kama kidole. Mzee Rampai hakumtukana. Alimsogelea, akamnusa mdomo.

"Umelewa?" akamuuliza.

"Nilimwona mahali pengine," Molupe akasema. "Niliona wawili."

Mchana mkewe, Mama Nthati, alileta chakula, ugali na mboga za majani. Molupe hakula. Alilala juu ya magunia, mkono machoni, akisema mwanga unamuumiza. Mama Nthati aliliacha bakuli, akanijia pale kwenye mizani.

"Shemeji, umeridhika?"

"Na nini?"

"Na hicho cheti chako!" Akaonyesha nguzo. "Kila nikimwambia twende kliniki ananitajia nguzo. Nikimwambia suruali inamvuka anasema nguzo. Nikimwambia shuka zinalowa jasho, nguzo. Mimi nakunywa dawa kila jioni, virusi vyangu havionekani tena kwenye kipimo, na yeye ananiambia, mke wangu, mgonjwa ni wewe, mimi nina sabini na mbili."

"Nilimpima kwa mikono yangu, Mama Nthati."

"Ulimpima na nini juu yake?"

Nilijua jibu kabla hajamaliza kuuliza. Nadhani nilikuwa nalijua tangu siku ya kwanza.

Nikaenda penye magunia. Blanketi la Molupe lilikuwa limemfunika. Nikalivuta, nikaliweka juu ya mizani. Kilo mbili na nusu. Nikamvua mabuti. Kilo mbili na nusu. Sweta mbili, moja juu ya nyingine, kama alivyovaa siku ile, kilo moja na nusu. Mkasi wa kunyolea, ambao hukaa kiunoni mwake muda wote, nusu kilo. Nikajumlisha kwa chaki sakafuni. Kilo saba.

Magunia ya watu wengine yote nilikuwa nayatoa. La mdogo wangu sikulitoa.

"Unafanya nini?" Molupe akauliza, macho yamefumbwa.

"Nyamaza."

Nikapitisha mkono chini ya shati lake, mgongoni. Ndivyo tunavyofanya kwa kondoo. Hakuna mfugaji anayenunua kondoo kwa kutazama sufu, maana sufu inaficha. Unaingiza vidole mpaka kwenye uti wa mgongo, unabonyeza. Kondoo mzima ana nyama pande zote za mfupa. Niliupata mfupa wa Molupe mara moja. Ulikuwa umesimama kama ukingo wa meza.

Tukampandisha mizani, mimi na Mama Nthati tumemshika mikono hadi aliposimama, kisha tukamwachia. Kilo sitini na moja. Sabini na mbili ukitoa saba ni sitini na tano, na nne nyingine zilikuwa zimeliwa ndani ya wiki hizo.

Mzee Rampai alikuwa anatuangalia kutoka mlangoni. Alitoka, akarudi na farasi wake wawili, wametandikwa.

"Nendeni," akasema. "Kondoo wangu hawataota sufu nyingine kabla hamjarudi."

Ni mwendo wa saa tatu hadi kliniki. Nilimpakia Molupe mbele yangu kama gunia. Mama Nthati alipanda farasi wa pili. Njiani Molupe alitapika mara mbili. Akaniambia, "Kaka, wakifoka, wewe jibu. Mimi sina nguvu."

Hakuna aliyefoka. Muuguzi aliyetupokea anaitwa Selloane, msichana mdogo kuliko nilivyotarajia. Alimtazama Molupe, akasema, "Umefika. Vizuri. Una namba yako?" Mama Nthati alikuwa na kadi yake kwenye kifuko. Selloane akauliza maswali mafupi. Dawa uliacha lini? Kichwa tangu lini? Unaona mawili mawili? Shingo inakaza? Hakuuliza kwa nini.

Alimtoa damu. Akaweka sehemu yake kwenye ile mashine, ni ndogo kama redio. Akampa kikopo cha mkojo, kwa ajili ya kifua kikuu. Tone jingine la damu akaliweka kwenye kijiti cha karatasi. Tukakaa kwenye benchi.

Alipotuita ndani alifunga mlango. "Molupe, nikisema mbele ya hawa ni sawa?"

"Sema."

"CD4 yako ni arobaini na nane."

Mama Nthati alifunika mdomo. Mimi niliona mbwa. Niliona zizi kubwa limejaa kondoo, na mbwa mmoja mzee amelala mlangoni.

"Kifua kikuu hakijaonekana," Selloane akaendelea. "Lakini kijiti hiki kimeonyesha mistari miwili. Kuna fangasi kwenye damu yako. Fangasi hawa wapo kila mahali, kwenye vumbi, kwenye kinyesi cha ndege. Mimi nawavuta, nyinyi mnawavuta, mwili unawazuia. CD4 ikishuka chini ya mia, mwili hauwezi tena. Wanaingia kwenye damu, kisha kwenye ubongo. Kwa jinsi kichwa chako kinavyouma, nadhani wameshafika. Leo hii unakwenda hospitali ya wilaya. Watakutoa maji ya uti wa mgongo wahakikishe, na waanze dawa ya kuua fangasi kwa dripu. Gari naliita sasa hivi."

"Mpe na zile za virusi," nikasema. "Mpe hapahapa, anywe."

"Hapana, baba. Si leo. Huyu ana adui ndani ya ubongo. Ulinzi ukirudi kwa kishindo sasa hivi, vita vitapiganwa humo humo kichwani, na ubongo ndio utakaoumia. Kwanza tuwapunguze fangasi, wiki nne hadi sita. Daktari atamwambia siku ya kuanza. Ikifika siku hiyo, hakuna kuruka hata jioni moja."

Molupe alikuwa ameegemea ukuta. "Nilikuwa sijisikii kuumwa," akasema. "Mpaka juzi juzi. Kweli kabisa."

"Nakuamini," Selloane akasema. "Ndiyo maana tunapima. Tukingoja mtu ajisikie kuumwa, tunangoja ugonjwa ufike kwanza. Kila anayekutwa na virusi anaanza dawa, awe na CD4 yoyote. Lakini anayeanza, na anayerudi baada ya kuacha, lazima tujue amesimama wapi. Mwenye mia nne na mwenye arobaini wanaweza kuingia hapa wamefanana, wote wananisalimia wakicheka. Huyo wa arobaini ndiye anayeweza kufa mwezi ujao. Namba inatuambia nani wa kumwahi."

Nikamuuliza Selloane. "Angekuja siku ya kwanza ya msimu. Siku ishirini na sita zilizopita. Mngeona nini?"

Nadhani aliona ni kwa nini nauliza.

"CD4 ingekuwa chini, karibu na hii," akasema. "Na fangasi huonekana kwenye damu wiki kadhaa kabla ya kichwa kuanza kuuma. Huenda tungewakuta bado hawajapanda kichwani. Hapo mara nyingi tunatibu kwa vidonge, mtu anakwenda nyumbani kwake."

"Vidonge," nikasema.

"Vidonge, baba."

Gari likaja.

Hospitali walihakikisha. Fangasi walikuwa kwenye ubongo. Walimtoa maji ya uti wa mgongo mara nne, kupunguza mgandamizo kichwani, na kila mara nilisikia sauti yake nikiwa nje kwenye korido. Siku ya tatu aliamka akamwambia nesi awashe taa. Taa ilikuwa inawaka. Jicho la kulia liliona baada ya siku mbili. La kushoto halikuona tena.

Wiki ya tano alianza dawa za virusi upya. Alikunywa kidonge cha kwanza nyumbani, mbele ya mkewe, saa mbili usiku, na mkewe akanywa chake. Mpaka leo wanakunywa pamoja. Nthati, yule binti yao, ndiye anayeleta maji, na anawasimamia kama askari magereza. "Baba, fungua mdomo. Nione."

Nilikwenda kwa Mama Lineo kumwomba radhi. Alikuwa anapepeta maharage.

"Uliniambia nimwambie," nikasema.

"Nilikuambia."

"Nilisema uzito wake ni mzuri."

"Ulisema." Aliendelea kupepeta. "Baba Thuso, sitaki radhi yako. Nataka lile banda lako. Siku ya kwanza ya msimu ujao, wanaume wote wa bonde hili watakuwa mahali pamoja. Kliniki hawaji. Basi kliniki iwafuate."

Oktoba iliyofuata tulitundika magunia matupu kwenye kona ya banda, yakawa chumba. Selloane alikuja na mashine yake kwenye sanduku. Asiyejua hali yake alipimwa virusi. Mwenye virusi aliyeacha dawa, au asiyewahi kuanza, alipimwa CD4 palepale. Wenye dawa walitolewa damu ya kupima wingi wa virusi, ikapelekwa wilayani. Kila mtu aliingia peke yake na kutoka peke yake. Kwenye nguzo niliandika kilo tu. Majibu ya damu hayaandikwi kwenye nguzo, na aliyemuuliza mwenzake nilimtoa nje.

Mzee Rampai aliingia wa kwanza, kama kawaida yake. Ule mfano wa Mama Lineo wa mbwa ulikuwa umeshaenea bonde zima. "Nihesabieni na mimi mbwa wangu," akasema kwa sauti ili wote wasikie. "Nina hakika wana meno, ingawa mwenyewe nimebaki na manne."

Wanaume ishirini na tisa walipanda mizani siku ile. Ishirini na watatu waliingia nyuma ya magunia. Wawili kati yao walikwenda na Selloane kliniki jioni ileile, wamekaa mbele ya gari wakibishana kuhusu mpira, na wote wawili wako hai na wananyoa.

Hapandi mtu mizani na blanketi tena. Mvulana, mzee, chifu, anavua. Asiyevua, blanketi lake linapimwa kwanza, peke yake, kama gunia.

Molupe alipanda bila shati. Kilo sabini. CD4 yake sasa ni mia mbili na kumi na nne, na virusi havionekani kwenye kipimo. Selloane anasema itaendelea kupanda, taratibu, mradi jioni zisirukwe. Alishika mkasi, akamkalisha kondoo wa kwanza kati ya magoti yake. Anamwinamia karibu sana siku hizi, kichwa kimegeuzwa upande, kwa sababu jicho moja halipimi vizuri mahali ngozi inapoanzia. Hamkati kondoo. Lakini anakwenda polepole.

Nimeulizwa ilitugharimu nini. Mimi ni mpimaji, nitasema.

Siku ishirini na sita za kungoja. Siku ishirini na tatu za kitanda cha hospitali. Sindano nne za uti wa mgongo. Jicho moja, la kushoto. Zamani kondoo thelathini na tano kwa siku, sasa kumi na tisa. Yaani kondoo kumi na sita kila siku ya kazi, mpaka siku atakapouweka mkasi chini.

Na kilo saba za blanketi na nguo nilizoziona nikacheka, nikaziandika kwenye nguzo pamoja naye.